Sahani ya Zainabu wa Kitomanga

Mwezi uliopita bodaboda ilisimama mbele ya nyumba yangu hapa Rasbura. Nyuma ya dereva alikaa binti aliyekumbatia sanduku jeusi kama mtu anayempeleka mtoto hospitali. Ilikuwa santuri ya kupiga hendeli, ile ambayo wazee wengine waliiita gramafoni. Aliikuta katika ghala la duka moja Kilwa Masoko, na alitaka kuiweka mapokezi kwenye nyumba yake ya wageni.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa hizi ngoma za kizamani."

"Marahaba. Niliwahi kuwa."

"Hii tunaiwekaje bluetooth?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia aiweke chini, avute pumzi, kisha aipige mwenyewe nione.

"Mzee, ingekuwa inapiga ningekuletea?"

"Ipige hivyohivyo inavyokataa."

Akaipiga, huku akinitazama kwa pembe ya jicho kuona kama nina akili timamu. Ndani ya dakika mbili nilijua ugonjwa wa mashine. Nilijua pia kwamba yeye huzungusha hendeli kwa haraka mno, na kwamba sahani zake za nyimbo anazibeba kwa kuzishika katikati, vidole vikiwa juu ya mistari.

Nawaandikia nyinyi vijana ambao siku hizi mnazipenda tena mashine hizi. Mnazitoa maghalani na kwenye nyumba za marehemu, mnazifuta vumbi, mnazipiga picha. Ni jambo jema. Lakini yule binti aliponiuliza kwa nini nilitaka aipige mwenyewe kwanza, nilimpa jibu fupi la kifundi. Jibu refu ni hili.

Kazi nilijifunza kwa fundi Mnali, Mmwera mfupi mwenye mikono mikubwa, ambaye meza yake ilikuwa kwenye baraza la duka la vitambaa la Bwana Karim, mjini Lindi. Karim alikuwa mzaliwa wa hapa, kama baba yake, na familia yao ilitoka India zamani. Alituachia baraza kwa sharti moja tu, kwamba mashine ikishapona ipigwe kwa sauti ili wateja wake wasichoke kusubiri.

Mnali hakugusa mashine kabla ya kumwona mwenyewe akiipiga. Hata kama mteja ametoka Nachingwea na basi linamngoja, atakaa kwenye stuli, atazungusha hendeli, ataweka sahani, ataweka sindano. Mnali hatazami mashine. Anatazama mikono.

Mwanzoni niliona ni maringo ya uzee. Kisha akaja mzee mmoja wa Mingoyo na santuri ambayo tulikuwa tumeirudisha kwake ikiwa nzima, naye akasema kwake haiendi. Mnali hakuwapo mara ile ya kwanza, mimi ndiye niliyeipokea, na sikumkalisha mtu kwenye stuli. Nilikuwa nimeifungua siku tatu, nikabadilisha springi, nikasafisha kila jino la gia. Safari hii Mnali akamwambia, "Mzee wangu, ipige kama unavyoipiga nyumbani." Mzee akatazama huku na huku, akaokota kipande cha kigae, akakiweka chini ya kona moja ya sanduku. Kwake sakafu ilikuwa imeinama, na hicho kigae hakikumtosha tena tangu mvua zilipochimba chini ya ukuta. Ugonjwa wote ulikuwa sakafuni. Mnali alicheka siku mbili. Kila nikishika bisibisi ananiuliza, "Sakafu umeipima?"

Makosa mengine yalikuwa ya kawaida ya mwanafunzi. Nilifungua pipa la springi bila kulegeza kwanza. Springi ya santuri ni utepe wa chuma mrefu kuliko mtu, umekunjwa ukakasirika, na ulitoka wote kwa pamoja ukanichana nyusi. Kovu bado ninalo. Bwana Karim alikuja mbio na kitambaa, na alipoona sijafa akasema, "Hicho ni cha kuuza, usikijaze damu." Siku nyingine nilimkuta sisimizi wa kwanza, kisha wa mia, ndani ya mashine ya mama mmoja aliyeitia mafuta ya nazi kwa sababu yana harufu nzuri. Grisi, wanangu. Grisi ya kweli, na kidogo.

Yako pia mambo niliyoyafanya vizuri, na mnaweza kuyatumia hata leo. Kichwa cha santuri, yaani lile duara dogo linalobeba sindano, kina mipira myembamba iliyozunguka utando wa ndani. Mipira hiyo ikikauka sauti inakuwa ya bati. Msiende kuiagiza mbali. Mpira wa valvu ya baiskeli, ule mwembamba kama tambi, ukikatwa vizuri unakaa barabara. Kupima mwendo, bandika kipande cha karatasi pembeni mwa kisahani kinachozunguka, tazama saa, hesabu mizunguko ya dakika moja. Sahani za zamani zinataka sabini na nane. Ukipata themanini na tano, mwimbaji wako amekuwa mtoto.

Na sindano. Sahani zile nzito, zinazovunjika kama sahani ya chakula, hupigwa kwa sindano ya chuma, na sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu. Ukipiga upande mmoja, unatupa, unaweka nyingine. Ikishatumika ncha yake inakuwa kama patasi, na inachimba mistari ambamo sauti imekaa. Uharibifu huanza mwishoni mwa sahani, karibu na karatasi ya katikati, kwa sababu pale mizunguko ni midogo na sindano inabanwa zaidi. Mnali alinifundisha hilo siku ya kwanza, kabla hajaniuliza jina la baba yangu.

Miaka ya foleni za sukari, sindano ziliadimika kama kila kitu. Tulikuwa na kikopo kimoja, na Mnali alikuwa akizijua kwa idadi. Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Mwanahawa.

Alitoka Kitomanga na santuri ya kwao, amevaa kanga mbili mpya za safari, mwanamke wa umri wangu, wa miaka ya mwisho ya ishirini. Mnali alikuwa ameenda msibani Nyangao kwa siku mbili. Mimi nilikuwa na miaka saba mezani pale na nilijiona nimemaliza kujifunza.

"Springi imechoka," alisema. "Inaimba nusu, inalala. Na nataka sauti itoke. Nataka nisikie pale mwisho."

"Mwisho wa nini, dada?"

Akafungua kanga nyingine aliyoibeba kama furushi na kutoa sahani moja. Aliniambia habari yake akiwa amesimama, kama mtu anayeeleza njia. Mwimbaji alikuwa mama yake, Zainabu. Alipokuwa msichana alichukuliwa na kikundi cha taarabu kwenda Dar es Salaam, na huko wakarekodi sahani. Mtoto, ambaye ni huyu Mwanahawa, alimwachia mdogo wake nyumbani, Somoe, aliyekuwa na miaka kama kumi na mitano. Kabla ya kupanda gari Zainabu alimwambia Somoe, "Wimbo ukiisha nitawasalimu. Nitakutaja." Sahani ilifika Kitomanga mkononi mwa mtu. Zainabu hakufika. Homa ilimchukua hukohuko.

Basi wimbo ulipokwisha, Zainabu alisema maneno machache. Kwamba alisema, kila mtu alisikia. Alichosema hakuna aliyekijua, kwa sababu mashine yao ilikuwa na sauti ndogo na ilikuwa ikichoka ikikaribia pale. Bi Somoe, aliyemlea Mwanahawa kama mwanawe, aliipiga sahani hiyo mara moja kwa mwaka, Idi, baada ya chakula. Miaka yote aliishi akijua kwamba ametajwa, kwa kuwa aliahidiwa.

"Na wewe unafikiri alimtaja nani?" nilimuuliza.

Mwanahawa akatabasamu. "Mimi nilikuwa mtoto wake, fundi. Nani anaacha mtoto asimtaje?"

Nilitakiwa kumkalisha kwenye stuli. Sikumkalisha. Alikuwa na basi, nami nilikuwa na haraka ya kuonyesha ninachoweza. Alipoondoka nikafungua sanduku na kukuta kikopo kidogo cha dawa ya kikohozi kimejaa miiba ya mkonge, ile myeusi ya kwenye ncha ya jani, imekatwa kwa usawa mmoja. Na mwiba mmoja ulikuwa umefungwa kwenye kichwa, mahali pa sindano.

Nikamwita Karim. "Njoo uone, watu wanasikiliza taarabu kwa miiba!"

Karim akaja na futi yake shingoni. "Ndiyo maana hawasikii," akasema. "Hawa wanashona, hawapigi santuri."

Tukacheka. Nikamwaga ile miiba kwenye mtaro.

Kama ningemkalisha, ningemwona akiushika mwiba kwa ncha za vidole, akiunoa kwa wembe kabla ya kuuweka. Ningeuliza, naye angenieleza kwamba Bi Somoe ameukataa msumari wa chuma tangu zamani, na kwamba mwiba ndio unaolika, sahani hailiki. Nilikuja kulijua hilo baadaye sana. Sauti yake ni ndogo, kweli. Lakini sahani ya Zainabu ilikuwa imepigwa karibu miaka thelathini na mistari yake ilikuwa ming'avu kama jana.

Nilitengeneza mashine vizuri. Hilo nalisema bila haya. Nilisafisha springi, nikabadilisha mipira ya kichwa, nikapima mwendo, sabini na nane kamili. Saa nne asubuhi nikaweka sindano ya chuma na kuiteremsha juu ya sahani.

Sauti ilitoka ikavuka barabara. Mwanamke wa kwanza aliyekuwa akichagua kanga dukani akageuka. Wa pili akaja na kapu lake. Wimbo ulipokwisha watu walikuwa kumi na zaidi barazani, na Karim akasema, "Rudia, fundi, rudia." Nikarudia. Wakaja wengine, nikarudia. Muuza kahawa akaweka birika chini. Nikarudia. Sindano ilikuwa ileile. Nilijiambia kwamba zimeadimika, na hiyo ilikuwa kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba sikutaka kusimamisha sherehe kwa ajili ya kubadilisha kijisindano. Sikuhesabu nilipiga mara ngapi. Adhuhuri ilipoadhiniwa ndipo nikaacha.

Mnali alirudi kesho yake asubuhi na mapema. Akaitazama mashine, akaisifu. Kisha akavuta droo, akamimina sindano kiganjani, akazirudisha moja moja.

"Umetumia moja," akasema.

"Niliijaribu tu kidogo, fundi."

Aliinamisha sahani kwenye mwanga wa barabarani, akaitazama karibu na karatasi ya katikati, pale palipokuwa pamegeuka rangi na kuwa kijivu. Akaiweka mezani polepole, akachukua kikombe chake na kwenda kunywa kahawa kwa muuza kahawa, jambo ambalo hakuzoea kulifanya asubuhi. Sindano mpya hakuniambia niweke. Niliiweka mwenyewe.

Mwanahawa alifika saa tano. Safari hii nilimkalisha. Akapiga. Wimbo ulitoka kwa nguvu, akafunga macho. Ukafika mwisho, akainama mpaka sikio likagusa kifuniko. Ikatoka sauti ya mafuta yanayochemka kikaangoni. Hakuna kingine.

Akapiga tena. Mafuta.

"Mbona pale mwisho pamekufa?"

"Sahani imezeeka, dada."

"Ulipoijaribu ilikuwa hivi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini aibu ikanisukuma njia nyingine. "Hapana. Jana ilisema vizuri tu."

Akanigeukia mwili mzima. "Uliisikia? Alimtaja nani?"

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi na mashine haimo. Sahani zile za zamani, nyingine hazina mstari wa kuiongoza sindano mwishoni. Wimbo ukiisha, usipoinua mkono wa santuri haraka, sindano inateleza na kuikwangua karatasi ya katikati. Kwa hiyo kila mara Zainabu aliposema yale maneno, mimi macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa santuri, kidole kwenye breki, masikio yakitafuta kama mwendo umeyumba. Maneno yalipita mbele yangu mara zote zile, wazi, kwa lugha yangu. Sikulishika hata moja.

Mwanahawa alikuwa akinitazama. Nikasema, "Alikutaja wewe."

"Mimi?"

"Alisema, salamu kwa mwanangu Mwanahawa. Kisha akacheka kidogo."

Kile kicheko nilikiongeza ili uongo usimame. Akaweka kiganja mdomoni. Kisha akafunga sahani kwenye kanga yake, akanishukuru, akaondoka akiwa mtu mwingine. Mnali alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kikombe chake.

Siku hiyohiyo niliwauliza waliokuwapo kama walisikia jina. Karim akasema, "Mimi nilikuwa napima kitambaa. Kitu alisema, ndiyo. Lakini wewe ulikuwa unapiga kelele kuwauliza watu, 'Mnaisikia mashine hiyo, mnaisikia?'"

Baada ya mavuno ya ufuta alikuja mama mrefu, mkavu, mwenye kikapu kitupu mkononi. Alisimama chini ya baraza, hakupanda.

"Wewe ndiye fundi wa mashine ya Kitomanga?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Somoe." Akahamisha kikapu mkono mwingine. "Mtoto ameniambia. Nimefurahi, mama kumtaja mwanawe ni haki yake. Ninauliza tu. Baada ya hilo, kuna jina jingine ulilisikia?"

Mnali alikuwa mezani, akisugua chuma kwa tupa. Tupa ikanyamaza.

"Hapana, mama."

"Hata kwa mbali?"

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Nilihitaji kusema maneno mawili tu: sikusikia. Lakini ningeyasema mbele ya Mnali, mbele ya Karim, mbele ya wateja, baada ya miaka saba ya kujiita fundi.

"Hata kwa mbali."

"Basi," akasema. "Labda walimharakisha." Akageuka, kisha akakumbuka. "Kile kikopo changu cha miiba kilibaki huku?"

Nilimwambia kilipotea. Akaitikia kwa kichwa na kwenda zake sokoni.

Mnali aliishi miaka mingi baada ya hapo na tulifanya kazi pamoja mpaka redio za kaseti zikatunyima wateja wa santuri. Alinifundisha kaseti, nami nikamfundisha televisheni. Hakuwahi kunitajia Kitomanga. Ila tangu siku ile, mteja wa sahani akija, alimkalisha yeye mwenyewe, hata kama mashine ni ya mezani kwangu. Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa, na mtu asiyejua angeona ni msaada.

Nilijiambia kwamba uongo wangu ulikuwa zawadi. Nilijiambia hivyo nikiwa kijana, nikajiambia nikiwa na wajukuu. Mwaka huu nikasikia kwenye stendi ya mabasi kwamba Bi Somoe wa Kitomanga amefariki. Nikapanda basi kwenda kutoa pole, nikiwa nimechelewa hata arobaini.

Mwanahawa nilimkuta uani, mtu mzima mwenye mvi, anapepeta ufuta kwenye ungo. Alinikumbuka kwa kovu la nyusi. Tulipeana pole. Nikamuuliza habari ya sahani.

"Ipo. Mama mdogo hakuisikiliza tena. Siku ya Idi tukiifungua, yeye anachukua ndoo anaenda kisimani. Hakununa, fundi. Alikuwa anaenda tu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sindano moja, watu barazani, mkono wa santuri, kicheko. Sikujitetea kwa ujana wala kwa uhaba. Ungo ulisimama mapajani mwake.

"Kwa hiyo hukusikia," akasema.

"Sikusikia."

"Huenda alimtaja mama mdogo."

"Huenda."

"Huenda alinitaja mimi."

"Huenda, Bi Mwanahawa."

Akatoa jiwe dogo katikati ya ufuta, akalitazama, akalitupa.

"Ungekuja mwaka jana, fundi," akasema. "Mwaka jana tulikuwa wawili. Tungeligawana hilo jina."

Akaunyanyua ungo na kuendelea kupepeta, nami nikabaki nimekaa pale, makapi yakinirukia miguuni.